Hija ya Siku Moja Misheni ya Bagamoyo: Anzia Ufukweni

Maswali mengi kuhusu Misheni ya Bagamoyo huulizwa na watu waliokwisha kwenda. Msalaba uko wapi, mbona hatukuuona? Mbona tulikuta makumbusho yamefungwa? Ni kweli Livingstone kazikwa pale mnarani? Ukimhoji muulizaji, habari ni ileile: kosta ilitoka Dar es Salaam saa nne asubuhi, ikafika jua la utosi, watu wakapiga picha mnarani, wakala samaki, wakarudi. Fedha zimekwenda, siku imekwisha, hija haikufanyika.

Tatizo ni mpangilio. Wengi huanza na jengo lililo karibu na gari lao, na ufukwe wanauachia "tutapita tukishamaliza". Wakimaliza hawana miguu wala hamu. Mwongozo huu unakupeleka baharini kwanza, upande ambao Mapadri wa Roho Mtakatifu waliingilia kutoka Zanzibar mwezi Machi 1868, kisha unakupandisha hadi makaburini, mnarani na kanisani. Asubuhi ufukwe unavumilika, saa saba hauvumiliki. Halafu mambo yenyewe yalianzia baharini, na anayeyafuata kwa mwendo huo anaelewa anachokiona bila kuhubiriwa sana.

Nimewalenga Wakatoliki wanaokwenda kusali, peke yao au na jumuiya. Msafiri wa dhehebu au dini nyingine naye atafuata hatua hizihizi. Mahali anapotakiwa kufanya tofauti nimesema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Viatu vya kufunga vilivyokwisha kuzoea mguu. Sendo zinaingiza mchanga, na viatu vipya vitakuumiza kabla ya saa tano.
- Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Kwa wazee na watoto ongeza.
- Kofia au mwavuli, na kanga au kitenge cha ziada. Kanga utaitandika chini, utajifunika jua, na itakusitiri ukiwa na nguo fupi.
- Nguo zinazovuka magoti na kufunika mabega, kwa wanaume na wanawake. Kaptula ya ufukweni iache kwenye begi.
- Fedha taslimu za noti ndogondogo, pamoja na salio kwenye simu. Hakuna mlinzi atakayekuchenjia noti ya elfu kumi saa mbili asubuhi.
- Rozari, kitabu cha Njia ya Msalaba na nia zako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Nia zilizoko kichwani hupotea barabarani.
- Dawa ya mbu, na dawa zako za kila siku kama unazo.
- Kwa kikundi: orodha ya majina na namba za simu nakala mbili, sanduku la huduma ya kwanza, na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wenu.

Spika kubwa ya muziki iacheni nyumbani. Mtakutana na wengine waliofuata ukimya.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mvua, misa na mwezi

Miezi rahisi ni Juni hadi Septemba. Upepo wa kusi unavuma, joto limepungua, na njia ya kwenda ufukweni ni kavu. Masika ya Machi hadi Mei yanaleta tope na mbu. Desemba hadi Februari panaendeka, ila joto lake si la mchezo, hasa kwa mtu aliyetoka Lushoto au Njombe.

Kumbukumbu ya kuanzishwa kwa misheni ni tarehe 4 Machi. Ukitaka kuhiji kwenye siku hizo beba koti la mvua na ukubali kubanana na watu. Mei, mwezi wa Bikira Maria, na Oktoba, mwezi wa Rozari, navyo huvuta vikundi vingi. Kama unatafuta utulivu nenda Jumanne au Jumatano ya mwezi wa kawaida.

Jumapili ni nzuri kwa misa na mbaya kwa utalii. Wanaparokia wako kanisani kwao, na kikundi kinachopita na kamera katikati ya ibada kinawaudhi, hata kama hawatasema. Ukienda Jumapili, sali nao kwanza, ziara ianze baada ya misa.

Jambo ambalo watu hawaliangalii ni mwezi angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yakipwa Bagamoyo hurudi mbali, ukaachiwa uwanja mpana wa mchanga na matope. Muulize mtu wa pwani yeyote, "Maji yanapwa saa ngapi siku hiyo?" Atakujibu bila kufungua simu. Ukiweza, chagua siku ambayo asubuhi maji yamejaa au yanaanza kupwa, kwa sababu bahari ikiwa karibu ndipo mtu anapoona wazi jahazi lingefika wapi.

Una siku sahihi ukiwa umeshajua saa ya misa, hali ya maji na hali ya mvua, na hakuna hata kimoja unachobahatisha.

## Hatua ya 2: Toa taarifa mapema, hata kama uko peke yako

Mtu mmoja anaweza kufika tu na kupokewa. Hata hivyo simu moja kwa ofisi ya parokia, siku chache kabla, itakuokoa na makumbusho yaliyofungwa. Uliza mambo manne: saa za kufungua makumbusho, kiingilio cha raia na cha mgeni, ratiba ya misa, na kama siku hiyo kuna tukio kubwa kama upadirisho au mafungo.

Kwa kikundi cha WAWATA (wanawake Wakatoliki), UWAKA (wanaume), VIWAWA (vijana), wanafunzi Wakatoliki wa TYCS au jumuiya ndogondogo, andikeni barua. Ipitie kwa paroko wenu, ataje idadi ya watu, siku, saa ya kufika, na mnachohitaji: misa, kitubio, mwongozaji, chakula, malazi. Kama mnakuja na padri wenu, semeni hivyo waziwazi, na yeye abebe utambulisho wake. Padri mgeni hapandi altareni kwa kuonekana tu amevaa kola. Ulizeni pia kuhusu divai, hostia na mavazi, maana sakristia haiwezi kukisia rangi na idadi yenu.

Zingatieni kwamba Bagamoyo sasa ni jimbo lake lenyewe, lililoundwa mwaka 2025. Maelekezo ya zamani yanayoutaja mji huu kuwa chini ya Jimbo Katoliki la Morogoro yamepitwa. Barua yenye anwani ya zamani itazunguka.

Kitubio kinahitaji kuombwa peke yake. Watu arobaini wakitaka kuungama ghafla dakika ishirini kabla ya misa, ama misa itachelewa au watu thelathini watabaki na dhambi zao.

Msiondoke nyumbani kabla hamjajibiwa na mtu mwenye jina na cheo. "Tulituma ujumbe" si jibu.

## Hatua ya 3: Fika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 70. Magari ya abiria yanaanzia kituo cha Makumbusho, yanapita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Ondoka saa kumi na mbili kamili. Wakati huo foleni inaelekea mjini na wewe unaipa mgongo. Ukichelewa hadi saa mbili bado utafika, ila ufukwe utaukuta unawaka.

Wanaotoka Tanga, Moshi na Arusha hawana haja ya kuingia Dar es Salaam. Shuka Msata, chukua gari la Bagamoyo. Ni lami, kilomita 64, na unavuka mto Ruvu njiani. Kutoka Morogoro na Dodoma pitia Chalinze, panda hadi Msata, kisha ingia barabara hiyohiyo. Bado nakutana na watu wa Korogwe waliokwenda hadi Mbezi halafu wakarudi nyuma. Ni saa kadhaa za bure. Ukitoka mbali hivyo, lala Bagamoyo usiku mmoja. Hija ya siku moja inaanza kuhesabiwa asubuhi ukiwa tayari mjini.

Kikundi kinachokodi kosta kikague vitu viwili kabla ya kulipa. Kwanza, kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa sababu daladala inayotoka nje ya njia yake bila kibali husimamishwa, na mtakaosota barabarani ni ninyi. Pili, makubaliano ya saa ya kurudi na posho ya dereva, yaandikwe. Dereva ambaye hakulipwa chakula atawaharakisha tangu saa saba.

Kutoka stendi ya Bagamoyo mwambie wa bajaji au bodaboda "Misheni, kwenye makumbusho ya kanisa". Patana bei kabla ya kukaa. Ukitaja "kanisani" peke yake unaweza kushushwa kanisa lingine, maana mji una madhehebu mengi.

Ukiona miembe mikongwe imepanga mistari na mnara mweupe unachungulia, umefika.

## Hatua ya 4: Ripoti ofisini kabla ya kupiga picha yoyote

Nenda ofisi ya parokia au makumbusho. Ukikutana na padri au sista, salamu ya hapa ni "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu lake "Milele, amina". Mlinzi mzee mpe shikamoo yake. Mlinzi ndiye atakayekuonyesha njia ya ufukweni, choo kilipo, na sehemu isiyoruhusiwa, kwa hiyo usimpite kama nguzo.

Lipa kiingilio, dai stakabadhi. Akitokea kijana nje ya lango akasema yeye ndiye mwongozaji rasmi, mwombe kitambulisho na umrudishe ofisini athibitishwe. Waongozaji wazuri wapo na wanastahili malipo yao. Wapo pia wanaosimulia kila shimo kuwa pango la watumwa.

Uliza papo hapo makumbusho yanafungwa saa ngapi mchana. Jibu lake ndilo litakalopanga hatua ya 8 iwe kabla ya chakula au baada.

## Hatua ya 5: Shuka ufukweni, msalabani

Hapa ndipo hija inaanza, na hapa ndipo wengi hawafiki. Fuata njia ya kuelekea baharini. Ni mwendo wa miguu tu. Mzee asiyeweza apelekwe na bajaji, asiachwe kwenye gari.

Ukifika kwenye msalaba unaokumbuka kufika kwa wamisionari, geuka uitazame bahari kwanza, msalaba baadaye. Upande ule, ng'ambo ya maji, iko Zanzibar. Padri Antoine Horner na wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kazi huko kabla ya kuvuka kuja bara. Na wakati wao wanavuka kuja, watu waliofungwa minyororo walikuwa wanavushwa kwenda. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na maeneo ya maziwa, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Pembe za ndovu zilishushwa hapa, na waliozibeba baadhi yao waliuzwa pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka mitano baada ya misheni kuanza. Kwa hiyo msalaba unaousimamia ulikuja biashara ikiwa bado hai, na si baada ya mambo kutulia.

Wamisionari walitumia fedha kuwakomboa baadhi ya watumwa, wengi watoto, wakawaweka katika makazi yaliyoitwa Kijiji cha Uhuru. Kuna wanaolisifia jambo hilo moja kwa moja, na kuna wanaouliza kama kununua mtu ili kumweka huru hakukuchochea soko, au kama waliokombolewa waliweza kweli kuchagua dini na kazi. Yote mawili yanafaa kubebwa ukiwa hapa. Hujaji asiyejiuliza kitu ufukweni atajiuliza nini kanisani?

Kwa sala: soma nia zako hapa. Kikundi kinaweza kuanza Rozari na kuiendeleza njiani, au kuanza kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba, na vile vituo vingine kumi na tatu vikagawanywa kati ya ufukwe, makaburi na kanisa. Mimi napendelea Rozari ya matendo ya uchungu, kwa sababu inatembeleka na haihitaji kila mtu kushika kitabu.

Tahadhari: usiogelee hapa. Usiende mbali kwenye matope maji yakiwa yamepwa, maana yanaporudi hurudi haraka kwenye ufukwe ulio bapa. Usiache mabegi juu ya mchanga. Usipande juu ya msalaba au ngazi zake kwa ajili ya picha. Na wavuvi mnaowakuta wako kazini. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha.

Nusu saa inatosha. Kikundi kikianza kuongea chinichini bila kuambiwa, mmefanya vizuri, pandeni.

## Hatua ya 6: Makaburi ya wamisionari na pango la Bikira Maria

Wengi hupita hapa kwa dakika tatu. Kaeni ishirini.

Soma tarehe. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, kaburi moja baada ya jingine. Utakutana na vijana wengi, waliokufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Mpe kila mwanakikundi kaburi moja, alisome jina kwa sauti na umri. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaipenda kazi hii kuliko hotuba yoyote, na hesabu yenyewe inawafundisha. Majina mengi ni ya Kifaransa na Kijerumani. Usione aibu kuyakosea, wenyewe hawatakusahihisha.

Usimtafute Horner. Alirudi Ufaransa akiwa mgonjwa na akafia huko mwaka 1880.

Kumbuka pia ambao makaburi yao hayana maandishi. Wamisionari wa Ulaya waliandikwa vizuri. Waliokombolewa, waliolima shamba, waliochoma chokaa na kubeba mawe ya matumbawe ya majengo haya hawakuandikwa kwa kiasi hicho. Kama mna Salamu Maria moja ya kutoa hapa, iwe yao.

Pango la Bikira Maria, lililojengwa na waliokombolewa kama shukrani, ni mahali pa kukaa. Ni aina ya mapango yanayokumbuka Lourdes, ambako Bernadette alipata maono mwaka 1858, kwa hiyo lilipojengwa ibada hiyo ilikuwa bado changa duniani. Hapa ndipo pazuri kwa mgonjwa kusali na kwa kikundi kumalizia Rozari. Washa mishumaa mahali palipotengwa tu. Nta iliyomwagika kwenye mawe ya zamani haitoki, na majani makavu yako karibu.

## Hatua ya 7: Mnara, na habari ya Livingstone iliyo sahihi

Mnara huu ni sehemu iliyobaki ya kanisa la kwanza, la mwaka 1872, na watu huuita Mnara wa Livingstone. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

David Livingstone hakuzikwa hapa. Hakujenga hapa. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mskoti, mmisionari wa Kiprotestanti. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake walizika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, karibu miezi kumi baada ya kifo. Mwili ulilazwa hapa misheni usiku wa tarehe 24, ukavushwa Zanzibar, na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Kwa maoni yangu, mnara huu ungefaa kukumbukwa kwa waliobeba kuliko aliyebebwa. Taja majina yao mkiwa chini yake: Susi, Chuma, na Jacob Wainwright, aliyekwenda na jeneza hadi Uingereza. Chuma na Wainwright walikuwa wamewahi kushikwa utumwani na kuachiwa. Walikuwa na haki zote za kumzika palepale alipofia na kurudi makwao. Nyuma yao walikuwapo wengine wengi, wanaume na wanawake, na baadhi walifia njiani. Padri au katekista akitafuta mfano wa mahubiri kwa ajili ya misa ya mchana, asihangaike.

Tazama unene wa ukuta na mawe ya matumbawe. Usikwangue, usiandike jina lako, usiegemee sehemu iliyopasuka. Kupanda juu ni kwa ruhusa tu.

Kipimo ni rahisi: mwulize mtoto mmoja wa kikundi, "Livingstone kazikwa wapi?" Akijibu London, endeleeni.

Mbuyu na mnyororo. Karibu na hapo kuna mbuyu unaosimuliwa kwamba mwanamke Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake kwa mnyororo uliozungushwa shinani. Mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo. Kipande kinachoonekana msikivute wala kukichokonoa. Dakika tano zinatosha, piga picha, twende.

## Hatua ya 8: Makumbusho

Yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Masista wa kwanza waliofanya kazi hapa walikuwa Mabinti wa Maria, kutoka kisiwa cha Réunion. Ukiingia ukiwa tayari umetoka ufukweni na makaburini, kila picha itakuwa na mahali pa kukaa kichwani mwako. Ukianza hapa, kama wengi wanavyofanya, utatoka na rundo la majina.

Usisome kila kibao. Tafuta mambo matatu: minyororo na vitu vya biashara ya utumwa, picha za Kijiji cha Uhuru, na ramani au maelezo ya namna misheni nyingine zilivyotoka hapa kwenda bara. Mhonda, katika milima ya Nguru, ilianzishwa kutoka Bagamoyo mwaka 1877, na kazi ikaendelea hadi Kilema, chini ya Kilimanjaro. Mchaga wa Kilema akiwa katika kikundi, mwachie yeye aongee hapo; huwa hawahitaji kuombwa mara mbili.

Mmoja wa mapadri wa enzi hizo za pwani, Charles Sacleux, alikusanya maneno ya lugha yetu hadi akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Mwalimu wa Kiswahili atapenda kuulizia kama kuna kitu chake cha kuonyeshwa.

Kupiga picha ndani: uliza kwanza. Watoto washikwe mikono. Vikundi vya zaidi ya watu ishirini vigawanywe, nusu waingie, nusu wapumzike kivulini, kisha wabadilishane. Vyumba ni vya nyumba, havikujengwa kwa umati.

## Hatua ya 9: Misa, kisha chakula

Kanisa linalotumika leo lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Ingieni dakika kumi na tano kabla ya muda mliopewa. Simu zizimwe kabisa. Mpiga picha awe mmoja, aelewane na padri mapema, na asizunguke wakati wa mageuzo.

Asiye Mkatoliki anakaribishwa kukaa, kusimama na kuimba na wengine. Hapandi kupokea komunyo. Anabaki kwenye benchi, na hakuna atakayemshangaa. Mwislamu aliyekuja na marafiki zake vilevile, au akipenda asubiri nje kivulini.

Sadaka itolewe kwenye kikapu au ofisini kwa stakabadhi. Usimkabidhi mtu njiani bahasha ya "kuchangia ukarabati".

Misa ije kabla ya chakula kwa sababu mbili. Mfungo wa ekaristi ni saa moja, na baada ya wali wa nazi na samaki hakuna kwaya duniani itakayowazuia watu kusinzia. Chakula agizeni asubuhi, ama misheni kama walikubali, ama kwa mama lishe mjini. Mkifika watu arobaini bila taarifa mtasubiri saa mbili na mtalaumu bure. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, kuleni ndani ya eneo la misheni au mgahawani, msitembee mitaani mkitafuna. Wenyeji wengi ni Waislamu na wamekaa vizuri na misheni hii muda mrefu. Msiwe ninyi wa kuharibu.

## Hatua ya 10: Mji Mkongwe kama muda upo

Ukiwa na saa mbili za ziada, tembea Mji Mkongwe: Caravan Serai, Ngome Kongwe, na Boma la Wajerumani. Caravan Serai ndiyo ya kwanza, maana ndipo misafara ilipopokewa, na inakamilisha ulichokiona ufukweni. Mengine utayaona kwa kupita.

Magofu ya Kaole yaache kwa siku nyingine. Yako kusini mwa mji, yanahitaji kiingilio chake, na ni ya historia nyingine kabisa: misikiti na makaburi ya Waislamu wa karne nyingi kabla ya misheni. Vikundi vinavyoyabandika mwishoni mwa hija hufika vimechoka na kuanza kupanda juu ya makaburi ya watu. Yanastahili siku yake na heshima yake.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Saa tisa na nusu hesabu watu kwa orodha, kwa majina, si kwa vichwa. Vichwa huwa vinajaliziwa na abiria wasio wenu. Kusanyeni takataka zote, pamoja na chupa za ufukweni. Rudini ofisini kuaga na kuandika kwenye kitabu cha wageni.

Gari liondoke saa kumi. Anayetumia magari ya abiria asisubiri giza, hasa anayepitia Msata, kwa sababu huko anategemea mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, na jioni mengi hupita yakiwa yamejaa. Kata tiketi ya kupandia Msata mapema ikiwezekana, na mwambie kondakta utasimama upande upi wa barabara.